Mkalimani kwa Kila Wodi

Nasikia kuna watu wanaosema nchi yetu haiwajali viziwi. Nawashangaa sana. Mimi Somoe nimeuza chai na vitumbua katika ua wa Wizara ya Ustawi na Tabasamu tangu jengo lile halijapakwa rangi, na sijaona watu waliojaliwa mpaka wakachoka kama hao. Kwanza hawaitwi tena viziwi. Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Makeke, aliona jina hilo linaumiza, akaunda kamati, kamati ikasafiri ng'ambo kutafuta jina jingine, ikarudi na masanduku ya nguo na jina. Siku hizi ni Wananchi Wenye Utulivu wa Masikio. Wenyewe bado wanajiita viziwi, lakini wasilaumiwe, tangazo lilitolewa redioni.

Wakati ule kulikuwa na kitu kinaitwa posho ya mkalimani. Kiziwi akiwa na shida hospitali, mahakamani au benki, anakwenda na mkalimani wake, na Serikali inamlipa yule mkalimani. Kitu kizuri kabisa. Ila Serikali ni mzazi mwangalifu, haigawi vitu ovyo. Kila mwaka kiziwi alitakiwa kuthibitisha kwamba bado ni kiziwi, maana huenda mtu amepona kimyakimya na anaendelea kula posho.

Siku hiyo iliitwa Uhakiki. Wanapangwa ukumbini wakitazama ukuta. Ofisa anasimama nyuma yao na kipaza sauti, anaita majina. Anayegeuka, anasikia, anafutwa. Asiyegeuka hakuitika, na asiyeitika hakuhudhuria, naye anafutwa. Siku moja nikiwa namimina chai nikamuuliza ofisa, "Sasa baba, anayepita ni nani?"

Akafikiri, akapuliza kikombe. "Mama Somoe, hilo swali liko ngazi ya juu."

Nikamwongeza sukari. Niliona kazi yake ni nzito.

Sasa katika hao waliokuwa wakitazama ukuta alikuwepo jirani yangu Mkejina. Tunakaa ukuta kwa ukuta, na kwa huko kukaa ndiko nilikojifunza lugha yao ya alama, kidogokidogo, kwa kuazimana chumvi na kusutana mambo ya maji taka. Mkejina ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Surua ilimwachia ukiziwi akiwa mtoto. Wazazi wake walipofariki akabaki na mdogo wake, Shomari, ambaye anasikia vizuri tu, akamlea na kumsomesha kwa cherehani ileile. Mume wake, Mbwana, anashona makochi, naye ni kiziwi, mtu mpole ambaye sijawahi kugombana naye hata mara moja, na mimi si mtu rahisi.

Huyu Shomari, kabla hajajua kutamka neno, alijua kumvuta dada yake ukingo wa mkono wa gauni. Anauvuta mara mbili. Maana yake kuna kitu: mlango unagongwa, maziwa yanafurika jikoni, mvua inakuja na nguo zipo kambani. Na viziwi wana desturi yao. Hawakuiti kwa jina la kwenye cheti. Wanakutazama mpaka waone kilicho chako, halafu wanakupa alama, na hiyo alama ndiyo wewe. Mimi ni kukoroga kikombe. Shomari alikuwa kujivuta ukingo wa mkono wa nguo mara mbili, na aliyempa ni dada yake. Mtu asiye na alama huandikwa hewani kwa vidole, herufi moja moja. Wanafanya hivyo kwa mgeni, au kwa yule anayekuja kukata umeme.

Sasa niseme jambo moja ambalo si la kuchekesha, nilimalize. Mkejina alishawahi kuzaa. Shomari alikuwa bado bwenini, mkalimani mwingine hakupatikana. Mtoto alitoka, wakamchukua. Mkejina akaona midomo inachezacheza juu yake, akangoja aletewe mtoto. Chakula cha mchana kikaletwa, kikaondolewa. Aliyemwambia hatimaye ni mama mfagiaji, alimhurumia, akalaza shavu juu ya viganja vyake na kufumba macho. Mkejina akafurahi, akaegemea mto kumsubiri aamke. Alijua mtoto amekufa alipokabidhiwa amefungwa sanda.

Kwa hiyo alipopata mimba tena, baada ya miaka ya kuhangaika, alikuwa na ombi moja tu duniani. Aliniambia jikoni kwangu, unga ukiwa umemjaa mikononi. "Sitaki huruma. Nataka kuambiwa. Hata kama ni baya, niambiwe palepale linapotokea."

Ndiyo maana ile posho ilikuwa kitu kikubwa kwake, na ndiyo maana Uhakiki wa mwaka ule aliongozana na Shomari. Jina lake likaitwa. Shomari akamvuta ukingo wa mkono. Mkejina akageuka, ofisa akaandika: amesikia.

Mdogo mtu akawaka. Alisimama katikati ya ukumbi akazungumza kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, kila mtu apate haki yake. Akawauliza kama wana dada. Akawauliza kama wamewahi kuzalishwa na watu wasiosema nao. Nakwambia, hata mimi niliacha vitumbua vikaungua. Viziwi wakagusana mabega, wote wakageuka kumtazama, na kwa kugeuka huko wote wakafutwa, lakini hakuna aliyejali, walikuwa wanapunga mikono juu, ndiyo makofi yao.

Bahati iliyoje, Mheshimiwa Waziri alikuwa anapita kuelekea chooni. Akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho. Badala ya kukasirika akatabasamu, akasema, "Kijana huyu ana mikono ya Serikali."

Mwezi haukuisha, Shomari akawa Mkalimani Mkuu wa Taifa. Akapewa nyumba yenye geti, gari, na suti nyeusi za kuifanya mikono ionekane. Tulifanya karamu uani. Mkejina alimshonea shati la kuvaa ndani ya suti, akaweka vifungo mwenyewe, akavikata uzi kwa meno. Walipoagana Shomari alimshika dada yake ukingo wa mkono, akaapa mbele yetu sote: "Siku ya uchungu wako nitakuwa kitandani kwako, hata kama Rais anahutubia." Na mimi nililia, kwa nini nidanganye.

Serikali ikinogewa huwa haijui kuacha. Ilipoona jinsi Waziri anavyopendeza akiwa na mkalimani pembeni, kila mkubwa akataka wake. Mkuu wa mkoa akachukua mmoja. Meneja wa maji akachukua mmoja. Yule aliyefungua choo kipya cha sokoni alikuwa na wawili, mmoja kila upande. Baada ya muda hapakuwa na mkalimani hata mmoja aliyebaki mtaani. Viziwi wetu wakawa wanaelewa hotuba zote za nchi nzima, kuliko hata sisi tunaosikia, ila ukiwapeleka kwa daktari wa meno wanatoka hawajui limeng'olewa jino gani na kwa nini.

Wakalalamika, nayo Serikali ni sikivu. Ikaitisha Kongamano la Kusikilizana. Chama cha viziwi kikamchagua Mkejina aseme kwa niaba yao, kwa sababu mimba ilikuwa imeanza kuonekana na kwa sababu mkalimani angekuwa mdogo wake. Walijua wamepata. Mzee mmoja wao aliniambia siku moja kabla, akicheka, kwamba safari hii mdomo ni wetu.

Mimi nilikuwa napitisha chai. Nilimwona Mkejina akipanda jukwaani na gauni la kijani. Aliongea polepole, kwa mikono mikubwa, ili hata wa nyuma waone. Akasimulia habari ya mtoto wake wa kwanza, akaweka shavu juu ya viganja kama yule mfagiaji. Akasema, "Turudishieni wakalimani wetu. Hotuba zenu hatuzihitaji. Mmechukua midomo yetu mkaipamba kwenye mikutano yenu. Mimi nitazaa, na sitaki nikabidhiwe sanda tena."

Shomari, na sauti yake ile nzuri, akasema kwenye kipaza sauti: "Mheshimiwa Waziri, dada yangu anasema hana maneno ya kutosha kuishukuru Serikali. Anasema yeye na wenzake sasa wanapata hotuba zote, na wamejiona ni watu. Anasema posho hii ya mkalimani ni ya zamani, inawafanya waonekane ombaomba. Wameomba wenyewe iondolewe, ili fedha zifanye mambo makubwa zaidi."

Trei likanilemea.

Mheshimiwa Daktari Makeke akatoa kitambaa, akajifuta macho yote mawili, moja baada ya jingine, wapiga picha wakipata nafasi. Akainuka akamkumbatia Mkejina. "Nimesikia kilio chenu," akasema. "Kwa ombi lenu wenyewe, kuanzia leo posho ya mkalimani imefutwa. Na badala yake, Serikali yenu itaweka mkalimani kwa kila wodi. Kila wodi ya nchi hii, narudia." Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Mkejina alikuwa bado mikononi mwa Waziri. Alikuwa anatabasamu, si amekumbatiwa? Akanitafuta kwa macho juu ya bega la suti, akaniuliza kwa mkono mmoja: amekubali?

Nikaweka trei chini, nikamwambia alichosemeshwa. Neno kwa neno, kadiri mikono yangu ya kuokoteza inavyoweza. Viziwi waliokuwa safu za mbele nao wakaona. Uso wa Mkejina sitausema ulivyokuwa. Akajitoa kwa Waziri, akamgeukia mdogo wake, akauliza kitu kimoja: "Kwa nini?"

Shomari akajibu kwa alama ndogondogo za karibu na tumbo, watu wasione. "Dada, wakubwa hawaambiwi vile. Mimi natafsiri maana, sitafsiri maneno. Nimekulinda. Siku yako nitakuja, si nimeapa?"

Na Mkejina, Mungu amsamehe, akamwamini hilo la mwisho. Angemwamini nani mwingine? Alikuwa amemwosha tope miguuni mtoto yule.

Wizara haikufurahishwa na trei langu. Ikatoka Kanuni ya Usalama wa Mikono. Kwamba imebainika watu wasio na ujuzi wanachezesha mikono ovyo katika majengo ya umma na kupotosha Wananchi Wenye Utulivu wa Masikio. Hivyo, kuanzia sasa, hakuna kutumia lugha ya alama ndani ya jengo la Serikali bila Leseni ya Mikono. Leseni anayo Shomari na wale wa pembeni ya wakubwa. Viziwi wenyewe walitakiwa kuomba, wakaitwa kwenye usaili kwa simu. Mimi kibanda changu kikahamishiwa nje ya geti, kwenye mtaro, ambako chai yangu imepata wateja zaidi na inzi zaidi.

Uchungu ulimshika Mkejina asubuhi ya Siku ya Kitaifa ya Utulivu wa Masikio. Sikupanga mimi, mtoto ndiye aliyechagua. Mbwana akamtumia Shomari ujumbe: dada yako yuko njiani hospitali. Jibu likaja haraka, Mbwana akanionyesha akidhani amekosea kulisoma. Lilisema: "Niko hewani leo, sherehe inarushwa nchi nzima. Msijali, mtaniona."

Mlangoni kwa wodi ya wazazi askari akanisimamisha. "Mama, una Leseni ya Mikono?" Nikamwambia mikono ninayo, hiyo leseni wataniletea. Hakucheka. Mbwana naye akazuiwa, mwanamume haingii. Nikamwomba sista wa zamu, Sista Eskola, binti mmoja mwenye uso mwema kabisa, nikamwambia huyu hasikii, nipitishe nimweleze tu kinachoendelea.

"Usijali, mama," akaniambia. "Wodi ina mkalimani."

Na kweli alikuwepo. Wizara ilikuwa imetimiza ahadi, tusiwe watu wa kusema mabaya tu. Mbele ya vitanda, juu ukutani, palifungwa televisheni mpya, plastiki yake bado haijatolewa. Picha kubwa alikuwa Waziri akihutubia uwanjani. Kwenye kona, ndani ya kiduara, alikuwa Shomari na suti nyeusi, mikono inakwenda.

Yaliyobaki aliniambia Sista Eskola mwenyewe, jioni ileile pale mlangoni, bila kuficha lolote, kwa sababu hakuona kosa; ya mikono tu ndiyo alinieleza Mkejina baadaye. Mtoto alitoka salama, msichana, wakampeleka chumba cha pili kumpasha joto. Kisha damu ikawa haikatiki. Daktari akasema kizazi lazima kitolewe, mwulizeni. Sista akamwinamia Mkejina akamwambia kwa sauti kubwa, polepole, kama alivyofundishwa kwenye semina, halafu akamwonyesha televisheni.

Mkejina akatazama. Akamwona mdogo wake. Akaanza kumwambia kwa mikono, sindano ya maji ikiwa mshipani, "Shomari, wanasema nini? Mtoto yuko wapi? Shomari, niambie."

Uwanjani Waziri alikuwa anawauliza wananchi kama wameridhika na Serikali yao, na wananchi wakajibu. Kwenye kiduara Shomari akatafsiri: "Ndiyo. Tumeridhika. Asanteni sana."

Sista Eskola akaona mikono ya huku inakwenda, na mikono ya kule inakwenda. Akaandika: mgonjwa amezungumza na mkalimani, amekubali.

Huenda ilikuwa lazima. Mimi si daktari, na Mkejina yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini nimechoka kuwa mtu wa kuelewa kila kitu. Mtu ameingia mahali na kizazi, ametoka hana, na katikati pale kitu pekee alichoambiwa ni asanteni sana.

Sista aliniambia mimi kwa sababu mimi nasikia. Ikabidi niende nikamwambie yeye. Kesho yake saa ya kuona wagonjwa nikapita nimejifunga kanga mbili nisitambulike, nikakaa kitandani nimempa askari mgongo, nikamwambia. Mtoto alikuwa pembeni yake, amelala kwelikweli, Mkejina alikuwa anamgusagusa pua kila baada ya muda kuhakikisha. Aliniomba nirudie. Alidhani nimekosea alama, kwani mimi nakosea sana na huwa ananicheka. Nikarudia. Hakunicheka.

Wizara ikatangaza kwamba mpango umefaulu, kwamba mama wa kwanza mwenye utulivu wa masikio amehudumiwa na mkalimani wa wodi, na kwamba nchi jirani zinataka kuja kujifunza.

Arobaini ya mtoto ilifanywa uani kwetu. Walikuja viziwi wa mji mzima. Palikuwa na pilau, na ule ukelele wa sufuria ambao hakuna aliyeusikia ila mimi. Katikati ya shughuli gari jeusi likasimama. Shomari akashuka na suti, nyuma yake mpiga picha wa Wizara, na kijigari cha kumsukumia mtoto, na boksi kubwa. Ndani ya boksi kulikuwa na televisheni.

Hakuna aliyemzuia. Walimpisha vizuri tu, akapewa kiti, akapewa sahani. Ilikuwa ndiyo saa ya mtoto kupewa alama yake, watu wamesimama duara. Mkejina alikuwa amembeba, na kale katoto, kama vitoto vyote, kalikuwa kameshika kitu kilichokuwa karibu, ukingo wa mkono wa gauni la mama yake, kanauvuta na kuuachia.

Mkejina akakatazama kwa muda. Akainua mkono, akajivuta ukingo wa mkono wa gauni. Mara mbili.

Watu wote uani wakarudia, kila mtu kwenye nguo yake, mara mbili.

Shomari akainuka. Alitabasamu, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa huku na huku. Alidhani wanamwamkia. Akaendelea kutabasamu mpaka akaona kwamba hakuna hata mmoja anayemtazama yeye, wote wanamtazama mtoto.

Mikono yake ikatoka taratibu. "Dada," akasema kwa alama, "hiyo ni yangu."

Mkejina akamgeukia. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. Alimtazama kwa adabu, unavyomtazama mgeni uliyeelekezwa kumkaribisha. Kisha kwa vidole, hewani, akaandika herufi moja moja, bila haraka: S. H. O. M. A. R. I. Akainua nyusi, akamuuliza kama ndivyo linavyoandikwa.

Mpiga picha wa Wizara alikuwa ameinua kamera. "Bosi," akauliza, "mama anasema nini?"

Shomari alisimama pale na mikono yake mizuri imening'inia.

"Anashukuru," akasema. "Anaishukuru Serikali."